Kesho kata itanifikia mimi

Siamini bado. Begi lake la mlimani liko hapa dukani juu ya kaunta, limeshafungwa, lina jina ELI kwa masking tape. Lilikuwa lipande na group ya Jumatatu. Mwenyewe tunamzika kesho, kwao Marangu, kihambani, kwenye shamba la ukoo.

Presha. Alikuwa anawapa wageni briefing, akaomba kiti, akakaa. Basi.

Wengi mnamjua kama guide. Mimi namjua tangu tukiwa wapagazi, kilo ishirini kichwani na viatu vya kuazima. Yeye akapanda mpaka kuwa guide, mimi nikashuka mjini nikaanza kukodisha mahema. Hakuna aliyetubeba. Na pombe tuliinywa wote, tukaiacha wote, yeye akitangulia.

Mtu wa mjini akiacha pombe, anaacha kwenda baa. Sisi huku pombe inakufuata nyumbani. Mahari, mbege, pombe yetu ya ndizi. Kipaimara, mbege. Msiba, mbege. Mnakaa mduara, kata, kile kibuyu chenye mpini, inaanzia kwa mkubwa, inapita mkono kwa mkono, na ukiikataa hujakataa pombe, umewakataa watu.

Eli hakuikataa. Aliipokea kwa mikono miwili, akasimama, akaiombea nyumba ile baraka kwa Kichagga, kisha akaipitisha. Mdomo haukuigusa. Sasa nani amkasirikie mtu aliyetoka kumbariki?

Na kila mara alikaa kulia kwangu. Kata ikitoka kwake haikuja kwangu. Mkono wake ulipita mbele ya kifua changu mpaka kwa mtu wa kushoto. Miaka yote hii sijawahi kuishika. "Hawa wawili wana mdomo mmoja," watu walitutania, na sisi tukawaacha waamini hivyo.

Msidhani ilikuwa rahisi kwake. Siku ya kupeleka mahari kwa kina Ndealilia, mke wake wa sasa, mzee mmoja wa ukweni alimwambia, "Mkwe, sala tumeisikia. Sasa kunywa. Ukiiacha kata yetu, umemwacha na binti."

Niliiona mikono ya Eli ikitetemeka mpaka mbege ikamwagikia suruali. Suruali ya suti, na suti yenyewe ilikuwa yangu.

Akasema, "Baba, nikiinywa hii, binti yako ataolewa na mlevi. Nikiipitisha, ataolewa na mimi."

Mzee akamtazama weee, akaichukua kata, akanywa mwenyewe. Binti tukampata.

Njiani nikamuuliza alijisikiaje. "Niliitamani, mangi. Ile harufu iliniita kwa jina. Mimi nguvu hizo sina. Nilimwambia Bwana, shika wewe kata, mimi nitashika mpini tu."

Kanisani alikuwa anatuchelewesha. Kwenye Baba Yetu, akifika pale pa majaribu anasimama. Sisi tumeshasema Amina, yeye bado yuko majaribuni, anapamung'unya peke yake. Watoto walikuwa wanacheka. Na mimi.

Sasa kuna mtu kaandika kwenye group la msiba: "Eli kaacha pombe kafa, mimi nakunywa niko hai." Kaweka na emoji za kucheka. Nimekusoma, ndugu. Eli hakuacha ili asife, hakuna aliyemwahidi hilo. Aliacha ili akiwa hai awepo. Mwanae Upendo hajui baba akirudi amelewa anafananaje. Piga hesabu hiyo kwanza, halafu ucheke.

Na kikao cha mazishi, ajenda ya kwanza haikuwa jeneza. Ilikuwa mapipa. Nikasema jamani, huyu mtu alikuwa hanywi. Baba yake mdogo akanijibu, "Mangi, kwani atakunywa yeye?" Watu wakaangua kicheko, hata mimi kidogo nicheke.

Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kazi. Mapipa mawili ni lita mia nne. Kata ni kama lita moja, mduara ni watu thelathini. Haitanifikia mara moja ikaisha. Itanifikia tena na tena mpaka jua linazama, na kulia kwangu hakuna mtu.

Naandika wazi kwa sababu naogopa. Tangu simu ya msiba iingie naisikia harufu ya ndizi mbivu hata hapa dukani, kwenye mahema mapya. Nimewaza nizike niondoke, nisingizie nina mzigo umekwama mpakani Holili. Halafu nakumbuka Eli hakuwahi kuondoka. Alikaa mpaka watu waishe.

Leo asubuhi Ndealilia kanipigia. Halii, sauti imekauka tu. "Shemeji, kesho utakaa wapi?"

Nikamwambia palepale.

"Usikae palepale. Kaa kwenye kiti chake."

"Mikono itanitetemeka, shemeji."

"Na yake ilitetemeka. Vaa suruali nyeusi."

Basi nitakaa hapo. Kata ikija nitasimama, nitaiombea nyumba yake, kama maneno yatatoka. Yasipotoka nitasimama hivyohivyo na mpini wangu mkononi. Zaidi ya hapo siahidi, maana kujiahidi nilishajiahidi sana zamani.

Kiti cha kushoto, kile kilichokuwa changu, kesho kiko wazi. Kama unakuja msibani na unaiogopa kata kama mimi, huna haja ya kuniandikia inbox wala kunieleza chochote. Njoo ukae tu. Mkono wangu utapita mbele yako.

Eli, kanisani tukifika pale pa majaribu, kesho nitabaki hapo mpaka wote wamalize. Watoto wacheke.

Lala salama, mangi. Kwako kata imeshapita.