Siku Niliyomtoa Zuhra Nje

Dada yangu Mwanaisha alinipigia simu kutoka Houston kunikumbusha kuwa mtoto wake Zuhra anatimiza siku arobaini Jumamosi, na kwamba mimi ndiye nitakayemtoa nje. Katika ukoo wetu wa Mombasa tunaamini mtoto hufuata tabia za anayemtoa mara ya kwanza.

"Mwanaisha, utajuta," nilimwambia. Nimemaliza chuo tangu Mei, na kila barua ya kuomba kazi naisoma mara kumi na mbili, kisha siipeleki. Mtoto arithi hayo?

"Wewe njoo tu," akasema, akakata simu.

Jumamosi, saa kumi na mbili unusu asubuhi, Garland, mji ninaoishi kaskazini mwa Texas. Nilifunga mlango, nikarudi kuangalia jiko mara mbili. Nje nilipokewa na upepo wa baridi. Lile joto lililotukaba tangu Juni lilikuwa limeondoka bila kuaga. Nikazima kiyoyozi cha gari, nikashusha vioo.

Nilipoupita mji wa Corsicana, nilisimama penye mapumziko ya barabarani nijizoeze maneno ya kukataa kwa adabu. Kando ya uzio palikuwa na maua ya manjano, na juu yake vipepeo wa rangi ya chungwa, mamia kwa mamia. Dereva mmoja wa lori alikuwa akiwatazama, kahawa mkononi.

"Wanakwenda Meksiko," akaniambia.

"Wanajuaje njia?"

"Sijui, binti. Mimi nina ramani na bado napotea."

Tukacheka. Nilipoangalia saa, nusu saa ilikuwa imepita na sijajizoeza hata neno moja.

Saa sita, Sharpstown, mtaa wa dada huko Houston. Bi Rukia, mama mkwe wa Mwanaisha, Mzanzibari, alinifungulia mlango huku nyumba ikinukia udi.

"Karibu, msomi! Ungechelewa kidogo tungempa mleta barua amtoe. Huyo angalau ana kazi."

Nikamgeukia dada. "Mtoto atakuwa na wasiwasi kama wangu."

"Nani kanipigia simu kila siku, arobaini nzima, kuuliza kama mtoto anapumua?" akasema Mwanaisha. "Akijali watu hivyo, mimi nimeridhika." Akaniwekea Zuhra mikononi.

Nikatanguliza mguu wa kulia, nikapiga bismillahi. Upepo wa Garland ulikuwa umenifuata hadi Houston. Mwanaisha, ambaye hakutoka nje tangu ajifungue Agosti kukiwa kama tanuri, alivua viatu akakanyaga nyasi.

"Joto limekwenda wapi?" akauliza, akicheka na kulia.

Zuhra alikunja uso, akapiga chafya. Apigaye chafya humshukuru Mungu, naye hajui kusema, nikamsemea: "Alhamdulillahi." Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nashukuru pia kwa vipepeo, kwa upepo, na kwa nyayo za dada yangu majanini.

Jumapili, njiani kurudi, nilisimama tena palepale. Maua yalikuwapo, vipepeo walikwisha kwenda zao na upepo wao.

Jumatatu nikapeleka barua ya kazi. Niliisoma mara tatu tu.