Jiko la Mama Mkwe Lililoliwa na Meli

Meli haikusimama bure. Kijijini kwetu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ilisimama pale tu ilipoona mrundo wa kuni umepangwa mchangani. Tanuri yake ilikula miti kama tembo mwenye njaa. Bila mrundo ilipiga honi ikapita zake mbali, hata kama umesimama ndani ya maji na mtoto mgongoni.

Mimi ndiye niliyekuwa na mtoto mgongoni.

Mwanangu alikuwa hajaanza kutembea. Kichomi kilimshika. Kila akivuta pumzi mbavu zilibonyea ndani, na midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nilikuwa nimesoma hadi sekondari, nilijua vizuri kwamba majani tuliyomchemshia hayatoshi. Hospitali ya misheni ilikuwa kusini, ng'ambo ya miamba ambayo mitumbwi haiwezi kuipita wakati ule upepo mkali wa mwera unavuma, na kwa miguu ni mwendo wa siku kadhaa, asingefika. Meli ingepita kesho yake asubuhi. Na mchangani hapakuwa na hata kijiti.

Meli yenyewe ndiyo iliyoimaliza miti. Nilipoolewa hapa kutoka milimani Mbinga, kilima cha nyuma ya kijiji kilikuwa na miombo. Wanaume wakakata, meli ikala. Wakakata tena. Halafu wanaume wenyewe wakaenda migodini kusini, mume wangu akiwa mmoja wao, na sisi tukawa tunafuata kuni za ugali nyuma ya kilima cha pili, kisha cha tatu. Akaja bwana miti wa serikali na kofia yake, akatuambia wanawake tunamaliza msitu kwa vyungu vyetu. Vyungu! Nilimwuliza mbele ya jumbe, ni chungu gani kimewahi kula kilima? Jumbe akaniambia nikae chini.

Nisiseme uongo, kuni zina wema wake. Mafuta ya taa yakikosekana dukani, kuni hazikuulizi lolote. Na ni kwa ajili ya miti meli ilikuja kwetu, ikaleta chumvi, ikaleta barua za mume wangu. Mti ukikatwa huchipua, bwana miti naye alisema hivyo. Huchipua, ndiyo. Lakini hauchipui kwa mwendo wa meli.

Jioni ile wanawake tulikata tulichoweza, vichaka na matawi, yote mabichi. Mama mkwe akajaribu kuvunja kijiti kimoja. Kikapinda tu.

"Hizi zitatoa moshi, hazitatoa mwendo," akasema. "Mabaharia si vipofu."

"Basi nifanye nini, Mama? Nimkalie tu mpaka afe?"

"Punguza mdomo, msomi. Lete shoka."

Akaenda nalo jikoni kwake. Nguzo za kile kibanda zilikuwa nyeusi tii, zimekaushwa na moshi tangu alipokuwa bibi harusi. Akapiga ya kwanza. Nikamshika mkono.

"Mama, mvua zinakaribia! Utapika wapi?"

"Huyu akitutoka, nitampikia nani?"

Basi tukabomoa. Majirani wakaleta chanja zao za kuanikia usipa, dagaa wetu wa ziwani, wakazivunja. Mmoja akasema, "Mwambieni nahodha ashuke kabisa, tumsongee na ugali." Tulicheka, na mimi nilikuwa nalia.

Asubuhi meli ikauona mrundo, ikageuka. Mashua ikaja. Baharia akagongagonga nguzo moja, akanusa.

"Shikamoo, mama. Kuni hizi mbona zinanuka samaki?"

"Marahaba. Umeingia jikoni kwangu, ungetaka zinuke nini?"

Kisha mama mkwe akapanda juu ya mrundo, akaketi. "Mjukuu wangu kwanza. Kuni baadaye."

Hakushuka mpaka alipotuona tumeshapanda melini.

Nikakaa karibu na tanuri ili mtoto apate joto. Mchochea moto alikuwa anatia kuni mbichi za kijiji kingine. Moshi ukajaa, meli ikatambaa kama konokono, na mtoto akakohoa mpaka akaishiwa sauti.

"Tia zile nyeusi!" nikapiga kelele.

"Zile ni akiba, dada. Naziweka za kupitia kwenye miamba."

"Akiba ya nani? Lile ni jiko la mama mkwe wangu! Mtazame huyu, halafu uniambie tena akiba."

Akamtazama. Akatia nguzo, akatia na nyingine, moto ukanguruma. Bomba la meli likatoa harufu ya usipa na masizi, harufu ya nyumbani kabisa, mpaka tukafika.

Mwanangu alipona. Tulirudi kwa miguu, maana meli ya kurudi haikuwa na sababu ya kusimama kwetu. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Nilimkuta mama mkwe uwanjani ameinama juu ya mafiga, ungo kichwani, anapuliza vijiti vibichi. Macho mekundu. Anakohoa, na kila akikohoa anashika ubavu.

"Anapumua?"

"Anapumua, Mama."

Akamgusa mtoto kifuani, akasikiliza kwa kiganja. "Basi shika huu ungo, unifunikie moto."

Nikaushika. Nikamsikiliza yeye. Ule mkoromo wa kifuani niliujua, nilikuwa nimeubeba mgongoni mpaka hospitali.

Ziwani honi ikalia. Nikatazama mchanga mtupu, nikatazama shoka, nikakitazama kibanda changu mwenyewe cha kupikia, kipya, hakijaezekwa, nguzo zake bado mbichi.

Meli ikapita.