Bi Futi na Sauti za Wateja Wake

Fundi cherehani wa kile kibanda kilichopakana na duka la dawa, watu walimwita Bi Futi kwa sababu futi yake ya kupimia haikumtoka shingoni. Aliingia nayo msibani, aliingia nayo hospitali, na mkamwana wake aliapa kwamba hata kitandani analala nayo. Herufi hakuwa na urafiki nazo. Shule aliiacha walipoanza kuunganisha silabi, akaitwa nyumbani kulea wadogo zake, na habari ya shule ikaishia hapo. Ila namba hazikumshinda hata siku moja, na ole wake atakayejitia kumsaidia kuzisoma.

Zamani vipimo vya wateja alivitunza kwenye nyuzi, kila mteja na uzi wake. Kutoka nchani hadi fundo la kwanza ni mabega, hadi la pili ni kiuno, na hivyo hivyo mpaka urefu wa gauni. Zilining'inia nyuma ya mlango, na uzi upi ni wa nani alijua mwenyewe tu.

Kisha mwanawe akamnunulia simu ya kupangusa, mkamwana akamwonyesha jinsi ya kutuma ujumbe wa sauti, na Bi Futi akaona amepata dawa. Wateja wakawa wanamwambia vipimo na mengine yao humo humo. Mmoja amenenepa mikono, asisemwe. Mwingine ana mimba changa, mume hajaambiwa, basi aachiwe nafasi tumboni. Bi Futi alisikiliza simu ikiwa imebanwa begani, mkasi ukitembea. Nyuzi alizitia kwenye kopo, akazisahau.

Kati ya wateja hao alikuwepo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke mpole asiye na makuu. Mwalimu huyu alikatwa titi moja kwa maradhi. Kwamba aliugua, mtaa mzima ulijua. Hilo la titi walilijua daktari, mumewe na Bi Futi. Kila gauni lake lilishonewa kijifuko cha pamba kwa ndani, kwa ufundi ambao hata dada zake walipomkumbatia hawakuhisi kitu. Na maneno yote ya kijifuko hicho, pamoja na picha alizojipiga akijaribisha, yalikuwa ndani ya simu ya Bi Futi.

Asubuhi moja simu ikaita. Kijana mwenye sauti ya adabu alimwamkia vizuri, akasema anatoka duka la vitambaa la jumla, wanasajili wateja upya. Kuna namba imeingia kwenye ujumbe, amsomee tu. Halafu akauliza kwa upole kama yupo mtu karibu wa kumsomea mama.

Neno hilo lilimchoma. Yeye asomewe namba? Alivaa miwani, akazitaja moja moja kama anayetangaza matokeo ya mtihani, kisha akazirudia ili kijana wa watu asikosee. Chini ya namba palikuwa na maneno, na maneno yalisema usimpe mtu yeyote namba hizi. Hayo hakuyasoma.

Chai yake haijapoa, simu ikamtoa nje ya akaunti yake ya ujumbe kama mgeni asiyefahamika. Wateja wakaanza kupokea ujumbe wa Bi Futi anayelia shida na kuomba atumiwe chochote. Mkamwana alikuja mbio na kanga begani, akausoma ule ujumbe wa namba mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Mama, si ungenisubiri?"

"Nikusubiri kwani mimi kipofu?"

Lakini alisema hivyo huku anakaa chini. Jina lake kuchafuliwa angelivumilia, jina lilikuwa na umri wa kutosha kujitetea. Aliuliza jambo moja tu: huyo mtu anaweza kuzisikia sauti za watu? Mkamwana aliinama. Akasema kama zilikuwa zimehifadhiwa huko mtandaoni, anaweza.

Walioibiwa hivyo siku zile walikuwa wengi, na serikali ikatangaza kila aliyepatwa apeleke simu yake ofisi ya usalama wa mitandao. Bi Futi akaenda, futi shingoni. Afisa aliyempokea alikuwa binti aliyevaa sare iliyopigwa pasi vizuri. Akamweleza kwa heshima kwamba ataiacha simu pamoja na namba ya kuifungulia, watanakili kila kilichomo, kisha wataweka programu yao itakayokuwa inatazama ujumbe unaoingia na unaotoka. Kwa usalama wake mwenyewe.

Huku akisikiliza, Bi Futi aliwaona vijana wawili nyuma ya binti huyo. Walikuwa wameinamia simu ya mtu mwingine iliyounganishwa na waya kwenye kompyuta. Mmoja alimgusa mwenzake kiwiko, wakatazama picha, wakacheka.

Bi Futi alivuta simu yake mezani akairudisha kwenye mkoba.

"Mama, bila simu hatuwezi kumtafuta mwizi," alisema binti. "Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?"

"Cha kuficha sina, mwanangu. Nina vya watu vya kutunza. Mwizi kaviiba mara moja, wewe unataka nikuletee mwenyewe mpaka mezani?"

Binti akasema huo ndio utaratibu. Bi Futi akasema basi atakaa pale pale kwenye benchi mpaka utaratibu uchoke. Aliombwa apishe wenzake, akasogea kidogo. Aliulizwa kama haoni njaa, akasema njaa yake ni ya nyumbani. Kisha akamwita binti karibu, akamnong'oneza amtazame yule kijana anayecheka, na afikirie simu ile ingekuwa ya mama yake.

Binti aligeuka, akatazama. Aliwafuata wale vijana, akaizima kompyuta, akaingia kwa mkubwa wake na kukaa huko kitambo. Aliporudi alisema mlalamikaji anaweza kuonyesha yale ya mwizi peke yake. Akapiga picha ujumbe wa namba na namba ya aliyepiga, mbele ya macho ya mwenye simu, basi. Programu ni hiari, alisema kwa sauti ya chini, ila watu hawaulizi.

"Leo mmeulizwa," alisema Bi Futi, akamshukuru.

Kazi ngumu ilibaki mbele. Alikwenda kwa mwalimu kwa miguu, akakataa kiti, akamweleza yote akiwa amesimama: kijana, namba, maneno ambayo hakuyasoma. Sauti zako na picha zako huenda ziko mikononi mwa mtu, na mlango niliufungua mimi. Mwalimu hakumtukana. Aliendelea kukunja nguo zilizokauka, moja juu ya nyingine, mpaka Bi Futi akajua aondoke.

Akaunti ilirudi mikononi mwake baada ya mkamwana kuhangaika na watu wa kampuni. Sauti zote za zamani zikafutwa. Bi Futi alitoa kopo la nyuzi, akakung'uta vumbi, akaanza upya kupima na kufunga mafundo. Safari hii hakuzitundika mlangoni. Kila mteja alikabidhiwa uzi wake aende nao, akitaka nguo aje nao. Wengine walicheka, wakasema bibi karudi enzi za babu zake. Wakauchukua hata hivyo, wakautia kwenye pochi kama kitu cha thamani. Uzi mmoja tu ulibaki kwenye kopo, na kila alipoliona kopo hilo Bi Futi aliligeuza litazame ukutani.

Mwalimu aliingia siku ya mvua, akafunga pazia mwenyewe.

"Nimewaambia dada zangu," alisema. "Nilitaka walisikie kwangu, si kwa mwizi. Walilia, wakanisema kwa nini niliwaficha, kisha tukacheka."

Bi Futi aliweka mkasi chini, akamvutia kiti.

"Nataka gauni. Na kijifuko kiwemo, ninakipenda. Uzi wangu uko wapi?"

Bi Futi aliuchukua kwenye kopo, akamwekea kiganjani. Mwalimu aliupapasa fundo baada ya fundo, akauliza lipi ni lipi. Bi Futi akavua futi shingoni, akaanza kumwonyesha.