Kingi, Kwini na Mahindi ya Mama

Kuna alasiri moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, nami huikumbuka zaidi ninapokuona umeng'ang'ania jambo ambalo sote tunaona limekwisha. Ilikuwa miaka ya tisini, huku kwetu Malava, siku ya Alhamisi. Mvua ya saa tisa ilikuwa ikipiga mabati ya kibanda cha chai cha senje Rasoa, dada ya baba yangu. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo, tukarudi makwetu na magodoro yetu, kisha redio ikatangaza kwamba turipoti Jumatatu.

Mama alikuwa ameumia mgongo, hawezi kuinama. Mahindi yake, mistari thelathini, yalikuwa yamefika magotini, na magugu yalikuwa yamefika papo hapo. Chakula chetu cha mwaka kilikuwa pale. Nilikuwa nimemwahidi kwamba sitapanda gari kabla sijayapalilia yote. Nilikuwa na siku tatu, jembe moja na akili nyingi. Hiyo akili ndiyo iliyoniponza.

Chuoni nilikuwa nimejifunza mchezo wa karata ambao mdogo ndiye hushinda. Kila mtu hupewa kadi saba, nyingine zimefunikwa, nyingine ziko wazi mezani, na mwenye kadi tano ndogo kuliko wenzake anachukua, tukianza kulinganisha ile kubwa ya kila mmoja. A ni ndogo kuliko zote. Kingi, Kwini na Jeki ni mzigo mtupu. Kila kadi mpya ikitoka unaamua kama utaongeza dau, au utaweka kadi zako chini na kukubali kupoteza ulichokwisha kuweka. Pesa hatukuwa nazo. Tulicheza kwa punje za mahindi, na kila punje ilikuwa mstari mmoja wa kupalilia. Ukishindwa punje kumi, unaenda kwa mshindi na jembe lako, mistari kumi.

Unaona hesabu yangu. Ningewashinda vijana watatu wa pale kibandani, halafu Ijumaa wangejipanga kwenye shamba la mama huku mimi nikikunja mashati yangu ya safari. Nilikuwa nimesoma hesabu za bahati muhula mzima. Wao nilikuwa nimewafundisha mchezo Jumanne.

Kadi zangu mbili za siri zilikuwa A na mbili. Ya tatu, iliyo wazi, ilikuwa nne. Mwanangu, mwanzo wa namna hiyo huja mara chache sana, nami niliupenda kama mtu anavyopenda picha yake mwenyewe. Nikaongeza dau. Vijana wawili wakaweka zao chini mara moja. Akabaki Shikuku, mkata miwa aliyeacha shule darasa la tano, na saba yake mezani.

Kadi ya nne nikapata Kingi. Shikuku akapata tatu. Nikaongeza.

Ya tano nikapata Kwini. Yeye akapata tano.

"Profesa," Shikuku akasema, "huyo Kingi ameoa sasa. Waache waende nyumbani."

"Wewe cheza," nikamwambia. "Hujui niko na nini huku chini."

"Ya chini sijui. Mimi naangalianga ya juu."

Ya sita nikapata Jeki. Yeye akapata sita. Sasa alikuwa na saba, tatu, tano na sita, zote wazi mchana kweupe. Mimi, hata kadi ya mwisho ingekuwa nzuri namna gani, ningelazimika kumhesabu Jeki. Mtoto wa darasa la pili angeliona hilo. Lakini nilikuwa nikiwaza A yangu na mbili yangu, na punje kumi na nane zilizokuwa tayari katikati ya meza. Nikajiambia kwamba labda kadi zake za siri ni mbovu.

Senje alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo nyuma yangu. Hakuacha kuchagua.

"Mwana wa ndugu yangu, hizo tatu za wafalme ni za nani?"

"Zangu, senje."

"Nilidhani huzioni. Na hizo punje pale katikati, ukiongeza nyingine, za kwanza zitarudi?"

Vijana wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichonisukuma. Nilisukuma rundo lote lililobaki, punje zangu zote thelathini zikawa katikati. Kadi ya mwisho ikaja, nami nikaifungua kwa kishindo. Ilikuwa tatu. A, mbili, tatu, nne, halafu Jeki amekaa mwishoni kama mgeni asiyejua kuaga. Shikuku akafunua mbili yake polepole. Kubwa kuliko zote kwake ilikuwa saba.

Mistari thelathini. Shamba zima la mama, lakini kwa Shikuku.

Senje akanijazia kikombe. "Wa kwanza alikuja vizuri," akasema. "Hao wengine ulikuwa unawangojea wageuke kuwa nani?"

Alfajiri ya Ijumaa nilifika kwa Shikuku na jembe. Akaniangalia, akaangalia miwa yake.

"Anza kwa mamako," akasema. "Mahindi hayangojangi. Hii yangu ni miwa. Utanilipa ukifunga shule."

Nilipalilia ya mama hadi Jumapili jioni, kanisani sikuonekana. Niliporudi likizo, miwa ya Shikuku ilikuwa imeshanipita kimo, majani yakafunga njia kati ya mistari kabisa. Niliingia humo kwa magoti, majani yakinichana mikono na shingo, naye akihesabu kutoka nje. Nilipodai thelathini alisema ishirini na tisa. Alikuwa sahihi.

Basi, mwanangu, nakuomba uchukue hili. Mwanzo mzuri haujakuahidi chochote. Kila kadi mpya ikitoka, amua upya, kama mtu aliyeketi mezani sasa hivi. Tazama kilicho wazi, chako na cha mwenzako, kabla ya kuota juu ya kilichofunikwa. Ulichokwisha kuweka katikati si chako tena, hivyo usikitumie kama sababu ya kuongeza kingine. Na ukiweka kadi chini mapema watu wakakucheka, vumilia. Kicheko kile cha kibandani kiliisha kabla ya mvua. Miwa ilinichukua siku tisa.

Mungu akupe macho ya kuona yaliyo wazi mbele yako, na vidole vyepesi vya kuachilia. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akukutanishe na mtu kama Shikuku, atakayekuambia uanze kwa mamako, kisha akuhesabie mistari yote.