Nyuni na Sindano

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mwanzoni mwa miaka ya sitini, nilimsikia baba akiuliza swali ambalo mshtuko wake haujanitoka. Nimelipima kama mtoto, kisha kama mwanasheria.

Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Bondeni. Ndugu yangu Daudi alikuwa na miezi minane. Asubuhi moja homa ilimpanda, na kabla ya adhuhuri akakakamaa mikononi mwa mama, macho yakageuka juu. Bi Zuhura, mama mtu mzima wa Kiislamu tuliyeishi naye ua mmoja, alikuja mikono ikiwa bado na unga wa mahamri, akamtazama, akasema ni nyuni. Huyo, kwa imani ya wengi pale, ni ndege asiyeonekana. Kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto hupatwa na degedege. Dawa yake ni kuogeshwa maji ya majani, na mwiko wake ni mmoja: sindano ikimgusa kabla nyuni hajatoka, mtoto hufa.

Baba alicheka. Nakitaja kicheko hicho kwa kuwa ni sehemu ya ushahidi. Alikuwa karani bandarini na mzee wa kanisa, na Jumapili iliyotangulia alikuwa amehubiri juu ya upumbavu wa Wakristo wanaoficha hirizi chini ya shati.

"Bi Zuhura," alisema, "nyumba hii nyuni hana ruhusa ya kupita."

Bi Zuhura akamjibu kwamba nyuni hamwombi mtu ruhusa, hata akiwa mzee wa kanisa. Mama hakumcheka yeyote. Alimpa Bi Zuhura mtoto amwogeshe maji ya majani, baba akageukia ukutani akisali kwa sauti, na degedege likatulia. Ilikuwa sala, majani, au ubaridi wa maji? Sikuweza kusema siku ile. Leo naelekea kwenye ubaridi.

Degedege lilipomrudia mara ya pili, mama alimfunga kwa leso akashika njia ya hospitali bila kumwuliza mtu. Tukamfuata sote, Bi Zuhura akiwa na kitambaa cha maji cha kumpoza kichwa.

Daktari alisema ni malaria iliyopanda kichwani, akamwagiza muuguzi alete sindano. Ndipo baba alipojitokeza mbele, akaushika mkono wa muuguzi.

"Hachomwi. Tumeshamwombea. Tunamwachia Mungu."

Mama alimtazama kama mtu asiyemjua. Daktari alimsihi, kisha akamkemea, akasema mtoto hana muda. Baba hakuuachia ule mkono. Nilisimama karibu naye kiasi cha kuliona jasho la shingo yake, nikaona pia kwamba hamtazami daktari, wala hajainua macho juu. Alikuwa akimtazama Bi Zuhura. Kisha akamwuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Je, ametoka?"

Mtu aliyenifundisha kwamba nyuni hayupo alikuwa akiuliza kama amekwisha kuondoka.

Bi Zuhura angeweza kusema bado, na neno lake lingesimama. Alimshika baba bega.

"Sijui, mwanangu. Nilisema nilivyofunzwa na mamangu. Naweza kukosea, na mamangu pia. Mwache achomwe."

Baba akauachia mkono.

Daudi hakufa. Aliamka siku ya tatu, lakini hakusikia tena. Ugonjwa wenyewe huweza kuchukua masikio. Dawa za wakati ule nazo ziliweza. Na ule muda baba alioizuia sindano, sijui niuweke upande gani. Kwa ushahidi huo singemtia mtu hatiani.

Jumapili iliyofuata baba alishuhudia kanisani kwamba sala ilimponya mwanawe. Hakumtaja Bi Zuhura wala sindano. Nilikaa kwenye benchi la watoto, nikanyamaza, na nikaendelea kunyamaza kila aliporudia ushuhuda huo, miaka nenda miaka rudi. Kwa hofu yake simlaumu. Mkristo huogopa kama watu wengine. Upumbavu ulikuwa kuivalisha hofu jina la imani. Hekima niliiona kwa mwanamke aliyeamini nyuni hadi kufa kwake, ila aliweza kusema huenda amekosea.

Baba alipokuwa amezeeka sana, akiishi nami mtaa wa Ganjoni, aliniuliza ghafla: "Tabitha, ulikuwepo. Siku ile nilimwuliza nini Bi Zuhura?"

Nilimwambia, neno kwa neno. Daudi, ambaye shule ya viziwi ilimpa kusoma na ufundi wa seremala, alikuwa barazani ametupa mgongo, akirekebisha mguu wa kiti. Baba alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye ambaye sikumwambia kamwe," alisema. "Mwandikie."