Fomu ya Hiari

Kwa miaka hamsini na miwili Chaki hakuwahi kuulizwa anataka nini, wala hakuona pengo. Kazi alichaguliwa na baba yake. Mume alichaguliwa na shangazi, ambaye, tuseme haki, alichagua vizuri kuliko wengi wanaojichagulia. Hata jina alibandikwa na wenzake kiwandani, kwa weupe usiotoka vidoleni.

Kiwanda kilishona sare za shule. Chaki alitandaza vitambaa arobaini mezani, kimoja juu ya kingine, akakata mikono ya mashati kwa mkupuo mmoja. Kila mkataji alitia fungu lake alama yake ya chaki. Mkono ukitoka mfupi, hakuna kusingiziana.

Siku ya Jumanne msimamizi, kijana wa rika la mwanawe wa pili, alimwita ofisini.

"Mama, mashine ya kukata imefika. Kwa hiyo tunakupa uhuru wa kuchagua."

Akasogeza fomu yenye kisanduku kimoja: *Kwa hiari yangu mwenyewe nimechagua kuhamia idara ya kufungasha.*

"Kisanduku cha kubaki kiko wapi, mwanangu?"

"Hicho hakipo."

"Na hiki nikikiacha wazi?"

"Hapo utakuwa umechagua kuacha kazi."

Nje alimkuta mpiga pasi, aliyekwisha kusaini yake.

"Saini tu, dada. Mimi nimechagua mpaka kalamu. Nyeusi au ya buluu."

"Ukachagua ipi?"

"Nyeusi. Ya buluu haikuwa na wino."

Chaki hakucheka. Wenzake walidhani anaililia meza. Kweli aliipenda, lakini angeambiwa, "Kesho nenda kufungasha," angenuna siku mbili, kisha angekwenda. Amri alizijua. Baba alipoamuru, alijulikana ni baba. Shangazi mpaka leo huulizwa kuhusu ukoromaji wa mume aliyemchagua, na hujibu. Hawa wa kiwanda walitaka wakate wao, halafu alama ya chaki iwe yake.

Alirudi ofisini, akafuta "kwa hiari yangu mwenyewe nimechagua", akaandika juu yake: "nimeamriwa".

"Tia sahihi hapa, mwanangu, nami nihame leo hii."

"Mama, makao makuu wanataka hiari. Halafu mimi sikuamua. Nimeletewa."

"Na waliokuletea?"

"Nao wameletewa."

"Mimi simo, wewe humo, wao hawamo. Fomu imejizaa?"

Kijana akapanga upya karatasi zilizokuwa zimepangwa. "Unanitia matatani."

"Pole. Chagua."

Kijana hakusaini. Ijumaa ikaja barua: kiwanda kimepokea kwa masikitiko uamuzi wako wa kuondoka. Chaki aliisoma amesimama, mara mbili. Kisha akaikunja, akatandaza kitambaa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipofika cha kumi na tisa, mlinzi wa getini alikuwa kando yake, kofia mkononi.

"Mama, nimetumwa. Tusitiane aibu. Toka tu mwenyewe."

"Mwenyewe sitoki."

"Sasa tufanyeje?"

"Umetumwa kunitoa. Nitoe."

Mlinzi akangoja aone kama ni utani. Haukuwa utani. Akamshika mkono juu ya kiwiko, taratibu kama anayeshika yai, wakapita katikati ya cherehani sitini. Chaki hakuharakisha. Kila fundi aliinua macho akauona ule mkono uliomshika, na msimamizi akauona kupitia kioo cha ofisi. Mpiga pasi aliwakodolea macho mpaka sketi ikaungua chini ya pasi yake.