Samaki wa Asali wa Ijumaa ya Kwaresima

Asali ikidondokea mkaa hutoa harufu mbili, kwanza ya utamu, halafu ya kuungua. Juzi jirani yangu alikuwa akichoma kuku uani, akampaka asali, na harufu hiyo ikanikuta naanika nguo. Nilikusanya nguo zangu mbichi nikaingia nazo ndani. Mtaniona mwanamke wa ajabu, kukimbia kuku wa watu, lakini ngojeni kwanza niwaeleze.

Tuliishi Kizwite, pale Sumbawanga, enzi za ruksa, maduka yalipojaa sabuni za kila rangi na baba yangu akakosa kazi. Alikuwa mtunza ghala la mahindi la umma, mtu wa kutembea na funguo kiunoni. Biashara ya mahindi ilipoachiwa watu binafsi ghala lilifungwa, funguo zikarudishwa, naye akaanza kushinda sebuleni amevaa suruali yake ya kazini, yenye mstari wa pasi. Aliyekuja kulikodi ghala lile ni Bwana Ozwadi, ambaye zamani alikuwa kuli wa Baba, akipandisha magunia kwa mgongo. Sasa alikuwa na malori mawili, alikuwa ameokoka, na alikuwa akitafuta msimamizi wa ghala. Baba alimeza kiburi chake, akamwalika chakula. Siku iliyopatikana ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na sisi Wakatoliki siku hiyo hatuli nyama, kwa hiyo ilibidi iwe samaki.

Mama hakutaka kupika samaki wa kila siku. Kabla ya kuolewa aliwahi kuwapikia masista wa misheni, na huko alijifunza kuloweka samaki kwenye siki na kumchoma kwa asali, chakula ambacho majirani zetu walikiita dawa. Alikipika mara chache sana, na kila alipokipika Baba alikuwa mpole kwa siku mbili.

Kuhe wawili wakubwa walifika Jumanne kwa lori la samaki lililotoka ziwani kupitia Namanyere, tumbo jeupe, macho bado maangavu. Mama aliwapara, akawapasua, akawakata vipande vinene akavisugua chumvi. Masista walikuwa wakitumia siki ya chupa iliyotoka kwao ng'ambo. Madukani sasa siki ilikuwepo, lakini Mama aliionja akatema, akasema hayo ni maji yenye hasira tu. Yeye alichukua pombe ya ulezi aliyotuletea bibi yangu, iliyobaki mtunguni hadi ikachacha kabisa na kuuma ulimi. Aliichuja mara mbili kwa kitambaa, akaichemsha na vitunguu na pilipili manga hadi macho yetu yakatoka machozi. Ilipopoa akaimimina kwenye ndoo juu ya samaki.

Kazi ya ndoo alinipa mimi. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwahi kupewa kazi kubwa vile. Asubuhi na jioni niligeuza vipande kwa mwiko, nikiona nyama inavyobadilika kutoka weupe wa kioo hadi weupe wa chaki. Ijumaa tulivipangusa, tukaviweka juu ya jiko la mkaa, na Mama akanifundisha kupaka asali kwa unyoya wa jogoo. Asali tuliibadilisha kwa mahindi na Msukuma mmoja aliyehamia Kasense na ng'ombe wake. Ilikuwa nyeusi na nzito. Unapaka, unasubiri ing'ae, unapaka tena. Mara tatu. Ukiharakisha inaungua, ukichelewa inaungua. Sikuunguza hata kipande kimoja, na nilitamani mtu aulize nani kapaka.

Bwana Ozwadi aliingia na harufu ya marashi, akasema "Bwana asifiwe" mlangoni. Baba alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama kumpokea mtu yeyote isipokuwa padri. Mgeni alikula kipande cha kwanza. Alikula cha pili, akalamba vidole. Kisha akaniona nimesimama na jagi la maji ya kunawa.

"Mwanangu, siki tamu hivi mmeinunua duka gani?"

"Hatukununua," nikasema kwa sauti ya mtu anayesoma risala. "Ni pombe ya bibi. Mama aliichemsha, mimi nikageuza samaki siku tatu."

Nilitabasamu. Nilikuwa nasubiri sifa.

Bwana Ozwadi alisogeza sahani pole pole, akaomba maji. Alinawa hadi kwenye viwiko. "Kaka," alimwambia Baba, "unajua nimeokoka, na unaniwekea pombe mezani. Mtu wa namna hiyo nitampaje funguo za ghala?"

Baba alianza kueleza kwamba pombe ile imechacha, imechemshwa, kilevi kimetoka na mvuke. Alieleza akiwa amesimama. Mgeni alimsikiliza kwa huruma, akaenda zake, na mlangoni akaomba afungiwe vipande viwili vya dereva wake, kwa kuwa dereva hajaokoka. Mama akavifunga kwenye gazeti.

Gari lilipoondoka Baba aliniletea sahani iliyobaki. "Kula," akasema. Nilikula hadi nikatapika, akaniambia niendelee. Halafu akavua mkanda. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na unyoya wa jogoo mkononi. Nakumbuka asali ikidondoka kutoka kwenye unyoya ule hadi sakafuni.

Tangu siku ile jina langu nyumbani likawa Redio. Wageni wakija, Baba aliwaonya kwa mzaha wachunge maneno, Redio yupo. Yeye aliishia kuuza chumvi sokoni kwa vikombe. Nilipofaulu kwenda sekondari alisoma barua ya kuitwa shule, akanirudishia. "Ada yako ilikuwa kwenye zile funguo," alisema, na hakukuwa na mzaha tena. Sikwenda. Wala sikulalamika, maana niliamini kwamba nilistahili adhabu ile. Niliamini hivyo kwa miaka ishirini na miwili, niliolewa nikiamini hivyo.

Baba alipofariki, Bwana Ozwadi alikuja msibani, mzee sasa, mwenye fimbo. Nilimwamkia, nikamletea chakula. Alikumbuka wale samaki, akacheka hadi akakohoa. "Ile kazi nilikuwa nimeshampa shemeji yangu," aliniambia. "Lakini mwaliko nilikuwa nimeukubali, na mama yako kwa kupika namjua. Nilikuwa nakula huku nawaza nitatokaje pale. Wewe ndiye ulinisaidia."

Nilikimbia kwa Mama kama mtu aliyeshinda kesi. Alikuwa nyuma ya nyumba akichambua mchele wa matanga. Nilimweleza yote bila kupumua, nikisubiri anikumbatie, anipe pole, alie.

"Najua," akasema. "Jumatano ile nilimwona shemeji yake sokoni, funguo za baba yako ziko kiunoni kwake. Samaki walikuwa wameshaingia kwenye ndoo."

"Ulijua, na ukamwacha Baba asimame kumpokea yule mtu?"

"Alisema nipike, nikapika."

"Na aliponichapa?"

Alipuliza makapi kwenye ungo. "Ningesema, angejua kwamba nilijua. Mimi angeniua. Wewe alikuchapa tu."

Aliendelea kuchambua. Nilikasirika, na bado nina hasira hadi leo, wala siombi radhi kwa hilo. Niliyoyaelewa pale, nikiwa mama wa watoto watatu, ni kwamba walikuwepo watu wazima watatu nyumbani mwetu siku ile, kila mmoja na aibu yake, na wote watatu walimtwika mtoto wa miaka tisa. Na kwa kuwa niliubeba mzigo ule bila kulalamika, hakuna aliyefikiria kunitua.